Uzi: Nilisema "namwachia Mungu" mara mbili. Mara ya kwanza haikuwa kweli

#1 MamaGramu

Wanajamvi, wakubwa shikamooni, wengine habari za usiku.

Huu uzi nimeuahirisha tangu mwaka jana. Kilichonisukuma ni dada mmoja aliyeandika juzi kwamba mume wake yuko chumba cha wagonjwa mahututi. Majibu aliyopewa, zaidi ya nusu yalikuwa maneno mawili tu: "Mwachie Mungu." Hakuna aliyemweleza anamwachiaje. Mtu hajalala siku tatu, mkono mmoja ameshika simu, mwingine cheti cha dawa, unamwambia aachie. Aachie nini? Cheti? Simu? Mume?

Mimi maneno hayo nimeyasema mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mara ya kwanza nusura yanitoe roho. Mara ya pili ndiyo yaliyonivusha. Maneno ni yale yale na mdomo ni ule ule, ila hayakuwa kitu kimoja, na nikisoma humu naona wengi tunayachanganya kama nilivyoyachanganya mimi.

Nianze na mara ya kwanza. Nilikuwa na ujauzito wa wiki 29, baada ya kusubiri miaka sita. Miguu ilivimba mpaka kandambili zikawa haziingii. Kichwa kiliuma siku nne mfululizo, nameza panado kama maji. Siku ya tatu nikaanza kuona maruerue, kama vimulimuli pembeni mwa macho, wakati nasahihisha madaftari ya darasa la nne. Nilikuwa najua, wapendwa. Kliniki tulifundishwa: kichwa kikiuma sana, ukiona maruerue, ukivimba uso na mikono, njoo hata kama ni usiku wa manane. Lakini niliogopa kusikia nitakachoambiwa. Basi nikasema, "Namwachia Mungu." Nikaenda kwenye maombi ya jioni, nikaombewa, nikarudi nikalala na kichwa changu kile kile.

Sikuwa nimemwachia Mungu kitu chochote. Nilikuwa naikimbia hofu, na jina la Mungu nimelisimamisha mlangoni ili mtu asiingie kuniuliza.

Na lugha yetu inatusaidia kujificha. Mtu amedhulumiwa kiwanja, anauma meno, anasema "namwachia Mungu," maana yake Mungu amshughulikie yule jamaa. Amechoka kufuatilia faili lake ofisini: namwachia Mungu. Anaogopa kwenda kupima: namwachia Mungu. Kisasi, uchovu, woga, vyote tumevivika kanga moja. Siku mtu akija kuyasema kwa dhati, hata mwenyewe hajui kama leo ameyasema kweli.

Siku ya nne mume wangu alirudi safari, yeye ni dereva wa malori. Alinitazama usoni mara moja, akatoka kutafuta gari. Presha ilikuwa 180 kwa 120. Kituo cha kwanza tulikaa kwenye benchi saa tatu nzima tukisubiri gari la wagonjwa. Hospitali ya pili wakanichoma sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, na nyingine za kukomaza mapafu ya mtoto. Kesho yake usiku wakanipasua. Mtoto wa kiume, gramu 1,180.

Naendelea, ngoja nimbembeleze huyu kwanza.

#2 Kijana wa Makorora

Dada tupo, tunakusubiri. Hapo kwenye kiwanja umenisema mimi. Mwaka wa pili huu "namwachia Mungu" na kila usiku naota nimemkaba mtu.

#3 MamaGramu

Amelala. Tuendelee.

Kwa asiyewahi kumwona njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati: usifikirie kichanga kidogo. Ni mtoto ambaye bado hajamaliza. Ngozi unaona mishipa kwa ndani. Kitu kilichonishtua kuliko vyote ni sikio. Gegedu lake lilikuwa halijakomaa. Nesi alipomgeuza, sikio likakunjika, na likabaki hivyo hivyo limekunjika kama jani la mchicha. Nikalikunjua kwa ncha ya kidole. Sijawahi kugusa kitu kwa uangalifu namna ile.

Mimi ni mwalimu. Nikiogopa, naandika. Nikamtuma mume wangu aniletee kaunta buku, nikachora kolamu: saa, maziwa, joto, uzito, mara alizosahau kupumua. Kila asubuhi wanapima uzito. 1,180. 1,150. 1,110. 1,070. Wauguzi waliniambia watoto wote hupungua siku za mwanzo, njiti zaidi, halafu hupanda. Nilisikia, ila sikuamini. Nilikuwa nawauliza maswali yale yale kila zamu inapobadilika ili nione kama majibu yatatofautiana. Mmoja nilimgombeza kwa sababu aliandika mililita 3 wakati mimi nimehesabu mbili na nusu. Alinitazama kwa upole akasema, "Mama, mtoto hasomi hilo daftari." Nilimchukia siku nzima.

Siku ya 11 tukahamishiwa wodi ya kangaruu. Pale mtoto unambeba kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Amevaa kofia, soksi na nepi tu, amesimama katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama chura, unamfunga na kanga mpaka usikie pumzi yake kwenye mfupa wa kifua. Joto lako ndilo joto lake. Maziwa unakamua, anapewa kwa mpira wa puani kila baada ya saa mbili.

Sasa, njiti husahau kupumua. Si ugonjwa mwingine, ni ubongo ambao haujakomaa. Anatulia ghafla, pembeni mwa mdomo panabadilika rangi. Tulifundishwa kumsugua unyayo, anakumbuka. Wangu alikuwa anasahau mara tatu, nne kwa siku. Nilipolijua hilo nikafanya uamuzi moyoni bila kumwambia mtu: silali.

Usiku wa kwanza niliweza. Wa pili niliweza. Usiku wa tatu, kama saa nane, nilikuwa nimekamua mililita 15, na kwa mama ambaye maziwa yake yanatoka kwa matone hizo ni kazi ya saa nzima. Mkono ukanisaliti, kikombe kikaanguka. Maziwa yakaenda chini ya kitanda. Nililia kilio ambacho hata siku ya upasuaji sikukilia.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa mama wa huko Kilwa, Mwislamu, ana mtoto wa kike wa gramu 1,300. Alishuka kitandani na mtoto wake kifuani, akafuta yale maziwa na kitambaa chake, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu.

"Dada, lala."

"Nikilala, akasahau?"

"Na ukiwa macho, wewe ndiye unayempumulisha?"

Sikuwa na jibu. Akaanza kusoma taratibu, kwa sauti ya chini sana kwa sababu wengine wamelala. Alipomaliza akaniambia ile ni Ayatul Kursiyyu, na kwamba ndani yake Mwenyezi Mungu hashikwi na kusinzia wala kulala. Nikamwambia hata sisi tunayo, Zaburi ya 121: hatasinzia wala hatalala usingizi aliye mlinzi wa Israeli.

Akanicheka kidogo. "Basi kwako halali, na kwangu halali. Wewe unakesha ili iweje? Lala saa mbili, namwangalia mimi. Ukiamka, nami nitalala."

Hapo ndipo nilipoyasema mara ya pili, na hata sikutumia maneno yale. Nilisema, "Mungu, mimi nalala. Huyu ni wako." Wanajamvi, sitaki kuwadanganya kwamba nilipata amani. Miguu ilikuwa ya baridi, moyo unadunda. Nililala hivyo hivyo na hofu yangu.

#4 Mkoba wa Fundi

SubhanAllah. Dada, huyo mama wa Kilwa amekufundisha kitu ambacho sisi husomea miaka. Naomba nichangie kidogo.

Wanazuoni wetu hutenganisha tawakkul na tawaakul. Masikioni ni karibu sawa, ila la kwanza ni kumtegemea Mungu baada ya kufanya lililo juu yako, la pili ni kujibweteka kisha ukasingizia kumtegemea. Ile siku ya maruerue ulikuwa kwenye hiyo ya pili, na wengi tumo humo. Iko hadithi maarufu katika kitabu cha Tirmidhi: mtu alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, amfunge ngamia kisha ategemee, au amwache huru na kutegemea? Akaambiwa mfunge, kisha tegemea.

Ila kisa ninachokipenda zaidi ni cha Sayyidna Umar, khalifa wa pili, mwaka wa 18 Hijria, wakati wa tauni ya Amwas kule Sham, yaani upande wa Syria. Alikuwa njiani kwenda huko na watu wake. Alipofika mahali paitwapo Sargh akapewa habari za tauni, akashauriana, akaamua kurudi. Abu Ubayda, amiri wa jeshi lake kule Sham, akamuuliza, unaikimbia kadari ya Mungu? Umar akajibu: ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampa mfano wa mtu na ngamia wake kwenye bonde lenye pande mbili, moja ina majani na nyingine kavu. Ukiwalisha penye majani si kwa kadari ya Mungu? Na ukiwalisha pakavu si kwa kadari yake pia?

Kwa hiyo ukipanda gari kwenda hospitali hujatoka mikononi mwa Mungu. Uko njiani ndani ya mkono huo huo. Wazee wetu wa pwani wana neno, jitihada haiondoi kudura, na watu hulitumia kukatisha tamaa. Mimi nalisoma hivi: kwa kuwa haiondoi, basi fanya jitihada yako bila kiherehere, hutaiharibu kazi ya Mungu.

#5 Sijui Bado

Dada MamaGramu, niwie radhi. Nimesoma yote, unaandika vizuri. Lakini lazima niulize.

Mama yangu alifariki 2021. Tulifunga siku saba ukoo mzima. Hatukuzembea, hospitali alipelekwa, oksijeni alipata, dawa alipata. Ngamia tulimfunga kamba zote. Na mimi nilimwachia Mungu kwa dhati kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya maishani. Akafa Alhamisi asubuhi nikiwa nimemshika mkono.

Wewe mtoto wako yupo, unambembeleza hapo. Ndiyo maana una uzi. Aliyefiwa haandiki uzi wa kumtumaini Mungu. Na huyo jirani yako, mtoto wake yuko wapi?

#6 Kijana wa Makorora

Mkuu pole sana kwa mama. Swali zito.

#7 MamaGramu

Ndugu yangu Sijui Bado, pole. Umeuliza kwa haki, na nilikuwa najua kuna atakayeuliza. Nimekaa na swali lako tangu mchana, nikaosha vyombo nalo.

Mtoto wake alifariki siku ya 17. Maambukizi kwenye damu. Alikuwa mkubwa kuliko wangu, amefika gramu 1,420, sisi wote wodini tulikuwa tunamtazama yeye kama ndiye wa kwanza kuruhusiwa. Jioni alikataa maziwa. Usiku akawa wa baridi. Walimkimbiza, wakampigania mpaka karibu na adhana ya alfajiri.

Mama yake alirudi wodini kuchukua vitu vyake. Alikaa kitandani, akakunja kanga moja moja, polepole, pembe kwa pembe. Mimi niko na wangu kifuani, sijui nijifiche wapi. Sikuthubutu hata kumtazama. Yeye ndiye aliyeanza kuniongelesha. Akasema, "Innalillahi. Alikuwa amana, dada. Mwenyewe amechukua amana yake." Halafu akashika kifua chake kwa mikono miwili, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Lakini maziwa haya nayapeleka wapi?"

Blauzi yake ilikuwa imelowa. Maziwa hayajui msiba. Nesi alimwelekeza namna ya kupunguza kidogo kidogo. Mimi nilivua kanga yangu moja nikamfunga kifua kwa nguvu, kama mwenyewe alivyonielekeza, na wakati namfunga tulilia wote wawili. Sikumwambia chochote. Sikumwambia Mungu ana makusudi. Sikumwambia atampa mwingine. Hata leo sijui ningesema nini.

Sasa nikujibu, ndugu yangu. Kumtumaini Mungu kungekuwa ni malipo ya uponyaji, basi yule mama alilipa zaidi yangu. Mimi niliyejificha siku nne nikiwa na presha ningerudi mikono mitupu, naye angeondoka na binti yake mgongoni. Anayehubiri kwamba ukiwa na imani ya kutosha mgonjwa wako atapona, hajawahi kumfunga mtu kanga kifuani. Nina hasira na mafundisho hayo na sitaifungia kabatini.

Kwa nini wangu, na si wake? Sina jibu. Nimetafuta, sijapata, na nimeacha kujitungia.

Ninachojua ni kwamba yule mama usiku ule hakuniambia "lala, mtoto atapona." Aliniambia lala, yupo asiyelala. Ni vitu viwili tofauti. Nilikuja kuiona tofauti hiyo hata kwenye Biblia yangu niliyoisoma tangu shule ya Jumapili. Wale vijana watatu mbele ya tanuru, Danieli sura ya 3, wanamwambia mfalme Mungu wetu aweza kutuokoa. Kisha mstari wa 18 wanaanza: "Bali kama si hivyo." Maneno manne. Nimeyapita maisha yangu yote nikikimbilia sehemu ya moto kutowaunguza. Na Bwana Yesu mwenyewe Gethsemane aliomba kikombe kiondolewe, aliomba waziwazi, jasho linamtoka, kisha akasema si mapenzi yangu. Na kikombe hakikuondolewa. Kwa hiyo ulipoomba na mama akaondoka, hukukosea kuomba, wala hukupungukiwa imani. Uliomba kama yeye alivyoomba, ukajibiwa kama yeye alivyojibiwa.

Na si kweli kwamba aliyefiwa haandiki uzi. Yule mama mpaka leo hunitumia ujumbe kila Ijumaa kumuulizia mwanangu. Anamwita "mwanetu." Nikiusoma huwa naketi chini.

#8 Sijui Bado

Asante kwa kutonidanganya.

Sina la kuongeza kwa sasa. Nitarudi kusoma.

#9 Nesi wa Zamu

Habari zenu. Mimi ni muuguzi wa watoto wachanga, mwaka wa tisa sasa. Kawaida sichangii mada za dini ila hii imegusa meza yangu.

Mama aliyemwagikiwa maziwa saa nane za usiku tunamwona kila wiki. Na mama anayekagua daftari tunamwona pia. Hatuwachukii. Tunajua kile ni kilio kimeandikwa kwa kalamu.

Wapo wanaodhani kangaruu ni njia ya maskini, wakiona kanga badala ya mashine wanasema wametelekezwa. Ni kweli ilianzia kwenye uhaba. Bogotá, Colombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi yenye watoto wawili watatu kwenye kiota kimoja cha joto, wanaambukizana, wanakufa. Akawarudisha kwenye vifua vya mama zao. Baadaye ukafanyika utafiti mkubwa katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, pamoja na Ghana, India, Malawi na Nigeria, matokeo yakatoka 2021. Watoto 3,211 wa kati ya kilo moja na chini kidogo ya kilo 1.8. Wote walihudumiwa hospitali, tofauti ni kwamba kundi moja lilianza kifua cha mama mara tu baada ya kuzaliwa, la pili lilisubiri mtoto atulie kwanza. Waliokufa ndani ya siku 28 ni asilimia 12 kwa kundi la kwanza, 15.7 kwa la pili. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake: mama aanze mapema iwezekanavyo.

Nayasema haya kwa sababu moja. Mama hukaa pale anadhani hafanyi kitu, "nimekaa tu." Hapana. Kukaa tu ndiyo tiba yenyewe. Na ili ukae lazima utulie, na ili utulie kuna kitu lazima ukiachie. Kila mtu ana jina lake la kitu hicho.

La pili, nasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Nimeshaona mzazi anatoa mpira wa puani kwa mtoto kwa sababu ameambiwa kwa simu kwamba mtoto amefunguliwa. Nimeshaona mafuta yanapakwa kwenye kitovu kibichi. Tafadhali. Ombeni, tutawaachia nafasi, wengine tunaomba pamoja nanyi. Msitoe kitu kilichowekwa na daktari.

#10 MamaGramu

Dada Nesi, ubarikiwe. Na yule niliyemgombeza kwa nusu mililita, kama yumo humu, nisamehe.

Umenikumbusha jambo nililotaka kuandika tangu mwanzo. Baada ya ule usiku wa kwanza wa kupokezana zamu, asubuhi yake tukiwa tunakamua, mimi na jirani yangu tuliingia kwenye habari za mama yake Musa. Sijui nani alianza. Nadhani ni kwa sababu sote tulikuwa na watoto ambao hatuna hakika nao.

Mimi nikamsimulia kama ilivyo kwenye Kutoka sura ya 2. Amemficha miezi mitatu, hawezi tena. Anatengeneza kisafina cha manyasi, anakipaka lami. Nilikuwa sijawahi kuifikiria ile lami. Mwanamke anajua kwamba baada ya saa moja atakiachia kile chombo mtoni na hatakuwa na uwezo tena. Na bado anakaa chini anaziba kila tundu. Sidhani aliipaka haraka haraka. Nadhani alirudia pembeni, akatazama kwenye mwanga, akarudia tena.

Jirani yangu akasema, kwetu iko Suratul Qasas, na huanza kabla ya hapo. Mungu anamwambia mama: mnyonyeshe. Hilo ndilo la kwanza. Ukimhofia ndipo umtie mtoni, na usiogope wala usihuzunike. Tukatazama vikombe vyetu vya maziwa. Akaendelea: na moyo wa mama yake Musa ukawa mtupu, akakaribia kabisa kumtoa siri, kama Mungu asingeutia nguvu moyo wake. Nikamwambia rudia hapo. Akarudia. Moyo ukawa mtupu. Na huyo ni mwanamke aliyeahidiwa na Mungu mwenyewe kwamba mtoto atarudishwa.

Wanajamvi, sentensi hiyo imenisaidia kuliko mahubiri mengi. Nilikuwa nadhani ukimwachia Mungu kweli, moyo unajaa utulivu, na nisipoona utulivu nasema basi bado sijaachia, naanza upya, najilaumu. Kumbe unaweza kuwa umeachia kabisa, kisafina kimeshaondoka, na moyo ni mtupu kama ndoo.

Na vitabu vyote viwili vinasema dada yake alikuwa kwa mbali akitazama. Hakurudi nyumbani. Kuachia mto si kuacha kutazama.

#11 Mkoba wa Fundi

Na akarudishwa kwake kunyonyeshwa. Allahu Akbar.

#12 MamaGramu

Ndiyo, na kwenye Kutoka akalipwa na mshahara juu, na binti Farao. Ila mwangalie ndugu yetu hapo juu. Si kila kisafina hurudi. Namtaja ili asidhani nimemsahau.

#13 Kijana wa Makorora

Dada, swali la utekelezaji. Mimi shida yangu si hospitali, ni kesi na deni. Asubuhi naomba, naachia. Saa nne nimeshalichukua tena, napiga hesabu kichwani, nampigia wakili. Jioni naachia tena. Hivi huku ndiko kuachia au ni mchezo?

#14 MamaGramu

Kaka, mimi niliachia kila baada ya saa mbili. Sitanii. Kila maziwa yanapoisha kushuka kwenye ule mpira nilikuwa nasema, "Haya, yangu yameisha." Baada ya dakika kumi nimeshashika tena. Saa mbili zikifika nasema tena. Tulikaa wodini siku 46, piga hesabu ni mara ngapi. Sijafikia kiwango cha kuachia mara moja, na wanaosema wamefika nawaheshimu tu.

Daftari sikulitupa. Nilifuta kolamu mbili, ile ya kukagua manesi na ile ya kuhesabu mara alizosahau kupumua, kwa sababu hiyo ilikuwa kazi ya wodi na wao walikuwa na chati yao. Nikabakiza maziwa na uzito. Maziwa ndiyo yalikuwa lami yangu. Wewe kumpigia wakili ni lami. Hesabu za saa nane usiku ambazo hazibadilishi shilingi hata moja, hizo ni mto. Ukiweza kutenganisha hivyo viwili, siku itakuwa nyepesi kidogo, si sana.

Na ule mstari wa Zaburi 131, "kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake." Nilikuwa nausoma nikiwa nimembeba. Siku moja nikaona nimejiweka upande usio wangu. Kila nikiusoma mimi ndiye mama. Nikajaribu kuwa yule mwingine, aliye kifuani, asiyejua amebebwa na nani, ambaye akisahau kupumua kuna anayemsugua unyayo. Nilikaa hapo muda mrefu.

#15 Kitanda Namba Saba

Samahanini, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Nipo wodini sasa hivi. Binti yangu ana siku ya tisa, gramu 1,090, jana alikuwa 1,100. Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa huku nimembeba. Nimeogopa kulala tangu juzi.

#16 Nesi wa Zamu

Mama, gramu kumi siku ya tisa zisikutie kiwewe, anaweza kuwa amejisaidia tu kabla ya mizani. Mwulize nesi wa zamu asubuhi kama anaendelea kupanda kwa wiki, usitazame siku moja moja. Na sasa hivi mwambie nesi aliyepo kwamba unasinzia. Mwambie kabisa, usione aibu. Atakusaidia kumfunga vizuri, ukae umeegemea nusu kitako, mtoto akiwa wima na uso wake umegeukia pembeni, pua wazi.

#17 MamaGramu

Dada wa namba saba, hapo ni saa ngapi sasa? Huku kwangu saa nane na robo. Kukamua ni saa ngapi?

#18 Kitanda Namba Saba

Saa nane na nusu. Nesi amekuja, amenifunga upya. Kitanda cha pembeni kuna mama mmoja naye yuko macho.

#19 MamaGramu

Kamua kwanza. Akimaliza kunywa, mwamshe kwa neno huyo wa pembeni, mwombe akuangalizie saa mbili, nawe umwangalizie. Mimi mwanangu ameshaamka na hatalala mpaka saa kumi, kwa hiyo nipo hapa. Ukiamka uniandikie gramu za asubuhi.